Sifuri Niliyompa Zainaba

Kisiwa cha Anzwani kilipojitenga na nchi yetu, nilikuwa nikifundisha biolojia Moroni, mji mkuu. Zainaba, mwanafunzi wangu pekee kutoka Mutsamudu, mji wa kisiwa hicho, aliandika kwenye mtihani kwamba sehemu za DNA zisizotengeneza protini husaidia kuwasha na kuzima jeni. Nilimpa sifuri, kisha nikalisoma jibu lake darasani kwa kejeli.

"Sehemu hizo ni takataka tu! Au kwenu mmejitenga na sayansi pia?"

Darasa likaangua kicheko. Nami, mjinga, nikacheka kuliko wote.

Zainaba akasimama, machozi yakimlengalenga, akanifungulia kitabu.

"Nimeyasoma humu, Mwalimu. Ndicho ulichoniazima, ukasema umekimaliza mara mbili."

Nikausoma ukurasa ule kwa mara ya kwanza. Jibu lake lilikuwa sahihi. Nilipoinua macho nimwombe radhi, alikuwa ameshatoka na mkoba wake.