Kiitikio cha Tatu

Nangila hupiga tupa akiimba. Baba yake, Mzee Mulongo, alimfundisha hivyo. Alikuwa fundi wa karakana ya reli, na familia nzima, watu saba, ililala katika chumba kimoja cha nyumba za reli pale Muthurwa. Kila Jumamosi alimsimamisha binti yake mbele ya jiriwa, akampa tupa na kipande cha chuma.

"Usihesabu kwa vidole," alimwambia. "Utasahau. Imba. Wimbo mzima upande huu, wimbo mzima upande ule. Pumzi ikiwa sawa, chuma nacho kitakuwa sawa."

Leo Nangila ana miaka hamsini na mitatu, na gereji yake iko Mowlem, imepakana ukuta na kanisa la mabati. Mikono yake ni mipana, kucha zake fupi na nyeusi kingoni, na Jumapili anapoinyoosha kupokea kitabu cha nyimbo, haifichi. Mtaani wanamwita Mama Vivian, kwa jina la bintiye anayefunza hesabu Kitale. Wenye magari humwita Fundi.

Yeye hutengeneza kila aina ya gari, lakini ile anayoipenda ni moja: Mazda ya injini ya rotari. Ndani ya injini hiyo hamna pistoni za kupanda na kushuka. Kuna rota mbili za pembe tatu, zinazunguka mfululizo kama mtu anayecheza ngoma mahali pamoja. Hewa huziingia kupitia matundu ya ubavuni, na matundu hayo Nangila huyaita madirisha. Miaka kumi na tisa iliyopita mteja mmoja alitelekeza gari la namna hiyo katika gereji alimokuwa ameajiriwa. Wenzake walilikwepa. Yeye alilifungua kwa miezi mitatu, akichora kila kipande nyuma ya kurasa za kalenda za kanisa. Kalenda hizo bado anazo.

Kufikia mwaka jana alikuwa akihudumia magari manne ya rotari. Matatu yakang'olewa injini zake yakawekwa za pistoni, na aliyeyang'oa ni jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Willis Odero. Likabaki moja, la buluu, la Wehliye, kijana anayeuza vitambaa Eastleigh.

"Mama, kule Mombasa lilikuwa linaruka," Wehliye alilalamika siku aliyolileta. "Huku linakohoa. Hata probox zinanipita mlimani."

"Huku tuko juu, kijana yangu. Hewa ni nyembamba. Hata wewe ukipanda hadi ghorofa ya sita unahema."

Willis alikuwa ameshavuka barabara, mikono mifukoni. "Madhe, achana na hiyo cherehani. Wehliye, nipe wiki mbili. Nang'oa hiyo, naweka pistoni na turbo, hewa inasukumwa ndani ipende isipende."

Walikuwa wamelipima gari kwenye mashine ya kupimia nguvu: nguvu za farasi mia moja arobaini na tisa. Nangila aliitazama ile karatasi, kisha akasema kwa sauti ambayo hata wauza vipuri waliisikia: "Nitalifikisha mia na themanini. Bila turbo. Kwa hewa hii hii ya Mungu."

Willis alicheka mpaka akaegemea mlango. Wehliye hakucheka. Alisema atampa Mama nafasi. Nambari isipofika, gari litavuka barabara, na ile injini ya mwisho ya rotari itauzwa kwa kilo, pamoja na vyuma vikuukuu.

Basi akaifungua. Akanunua sili mpya, vile vyuma vyembamba vinavyoziba pembe za rota, akapanua bomba la moshi, akapanga mwishoni kumleta mtu wa kurekebisha kompyuta ya injini. Lakini kazi yenyewe ilikuwa madirisha. Alikata kigezo kutoka kwenye mfuniko wa mkebe wa mafuta ya kupikia, akakilaza juu ya chuma, akachora mstari wa wino wa buluu. Hadi hapo dirisha lingeweza kupanuliwa. Mbele kidogo ya mstari, milimita moja tu, ndipo pembe ya rota hupita na sili yake. Dirisha likifika pale, sili itatumbukia, itavunjika, na injini itajitafuna yenyewe.

Alianza kwa mashine ya kusaga, kisha akamalizia kwa tupa, kama alivyofundishwa. Dirisha la kwanza alilipatia wimbo mmoja mzima, wa Kibukusu, beti nne na kiitikio. Likatoka safi. Ilikuwa Alhamisi saa kumi, saa ambayo kwaya ya jirani hufanya mazoezi, na alipoanza wimbo ule ule kwa dirisha la pili, sauti yake ikavuka ukuta. Ng'ambo waliutambua. Wakaudaka. Ngoma ikaingia, kisha kayamba, na Nangila akatabasamu, mkono wake ukaenda na wao.

Nafula, kiongozi wa kwaya ile, ana mazoea yake: wimbo ukimkolea hakubali uishe. Kiitikio cha mwisho hukirudia mara tatu. Nangila alijua hivyo. Huimba pamoja nao kila Jumapili. Lakini mkono haukujua, nao uliendelea kusugua hadi makofi yalipokoma.

Alipoweka kigezo, mstari wa buluu haukuwapo. Alikuwa ameula, na nusu milimita zaidi.

Aliketi juu ya gurudumu. Nafula alichungulia mlangoni, jasho usoni, uso umejaa furaha.

"Mama Vivian! Leo umetuimbisha!"

"Nyinyi mmenimaliza."

"Tumefanya nini tena?"

"Mmeitikia mara tatu."

Nafula akamwangalia asielewe. "Si ndivyo tunavyoitikia?"

Nangila alikubali kwa kichwa, kwa sababu ndivyo wanavyoitikia.

Angeweza kuyaacha madirisha vile yalivyo, moja kubwa, moja dogo, na injini ingechechemea, rota moja ikishiba na nyingine ikila nusu. Au alipanue la kwanza lilingane na la pili, yote mawili yakae ukingoni. Chuma kingine cha namna ile alikuwa ameshakitafuta Nairobi nzima, hakipo. Alichukua simu, akampigia Wehliye kabla ya kunawa mikono.

Wehliye alifika, na Willis nyuma yake, kwa maana barabara ile haina siri.

"Nimekosea," Nangila alisema. "Nilivuka mstari. Hapa."

"Nilisema mimi!" Willis akadakia. "Nilisema au sikusema?"

"Willis, nyamaza kwanza," Wehliye akasema. Akainama juu ya chuma. "Mama, na kama gari lingekuwa lako?"

Nangila alichukua sili mpya, akaiweka mahali pake, akaitelezesha polepole kwa kidole juu ya ukingo wa dirisha. Ilipita. Akarudia. Ilipita. "Ningeendelea. Kidole changu kinasema inapita. Weka chako, usiniamini mimi."

Wehliye aliweka kidole, akafumba macho, akasukuma. Akarudia mara ya pili. "Endelea," akasema.

Kesho yake Nangila alimwita Nafula na waimbaji wote, wakasimama katikati ya gereji, baina ya milango na bampa, ngoma juu ya pipa.

"Dirisha hili lilipata kiitikio kimoja. Lina deni la viwili. Viwili tu, Nafula. Ukinogewa ukaongeza, tutazika injini."

"Nikinogewa nitajiziba mdomo," Nafula aliahidi, na kweli, kiitikio cha pili kilipoisha, alijiziba kwa mikono yote miwili, mabega yakimtetemeka. Nangila alipima. Yale madirisha mawili yalikuwa sawa kama macho ya mtu mmoja.

Injini ikafungwa, mtu wa kompyuta akairekebisha, ikawaka. Siku ya kumkabidhi Wehliye gari, Nangila alimimina oili kidogo ndani ya tangi la petroli, na Willis akapiga mayowe kutoka ng'ambo: "Sasa amekuwa muuza petroli chafu!" Nangila alimweleza Wehliye, si Willis, kwamba sili hizi hupenda kulainishwa, na kwamba asiikimbize injini kwa mwezi mzima. Wehliye alitii. Alienda Garissa na kurudi akipitwa na malori ya vitunguu.

Siku ya kupima ilikuwa Jumamosi asubuhi, Industrial Area. Willis alikuja bila kualikwa. Gari lilifungwa kwa minyororo, magurudumu juu ya magogo ya chuma yanayozunguka. Likiwa limetulia, lilidunda kwa mapigo yasiyolingana, kama kawaida ya rotari, du-du, du, du-du. Kisha dereva akakanyaga. Sauti ilipanda, ikapanda, ikapita mahali ambapo masikio husubiri igeuke, ikaendelea kupanda, nyembamba na ndefu, na Nangila alisimama kando ya mlango, kidole kile kimoja kimekunjwa ndani ya kiganja. Alikuwa akisikiliza kama sili itatumbukia. Haikutumbukia.

Skrini ikaandika: mia na themanini na tatu.

Wehliye alimkumbatia mtu wa mashine, aliyekuwa karibu. Willis aliitazama ile nambari, akalizunguka gari, akaikagua boneti kama kuna kitu kimefichwa.

"Madhe," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Turbo umeweka wapi?"

"Fungua utafute."

Alifungua. Alitafuta.

Jumatatu Nangila alichana ukurasa wa kalenda ya kanisa, akachora madirisha mawili nyuma yake, ya ukubwa ule ule mpya. Chini akaandika tarehe, 183, na maneno haya: Wimbo mzima, kiitikio mara tatu, usizidishe. Akaupigilia ukutani, upande unaotazama barabara.