Kipimo cha Mguu wa Baba

Baba alikuwa fundi wa kanzu, mimi mwalimu wa baiolojia, na kwa miezi mitatu tuligombania kidonda kimoja. Kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu wake wa kulia, hakizidi ukubwa wa kifungo cha shati. Alikanyaga sindano dukani mwake, akaendelea kushona. Hakujua lolote mpaka mteja alipomwonyesha damu kwenye mkeka. Kisukari kilikuwa kimeshamuulia hisia za nyayo siku nyingi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mama alikuwa ameshafariki, kaka yangu yuko Ganjoni na mkewe na watoto, na mimi, ambaye sikuolewa na ambaye mashangazi hawakuniacha nisahau jambo hilo hata siku moja, nilikaa na Baba katika nyumba yetu ya Mji wa Kale. Kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha shuleni Tononoka nilikiosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikatia dawa, nikaweka shashi, nikafunga bendeji. Jioni nilipokuja kuifungua niliikuta imekaa vizuri ajabu, haikulegea, haina hata kunyanzi moja. Nilijisifu sana. Nilimwambia kaka yangu kwamba ningekuwa muuguzi ningepandishwa cheo mwaka wa kwanza. Ila kidonda chenyewe hakikunisifu, maana hakikupona.

Muhula huo nilikuwa nimewaundia wanafunzi wa kidato cha tatu sanduku la kuangulia mayai, la mbao, lenye balbu ndani na bakuli la maji. Tulikata kidirisha kwenye ganda la yai, tukakiziba kwa kipande cha kioo na nta, tukachungulia. Siku ya nne mguu wa kifaranga ni kivimbe tu, kidogo kuliko punje ya mtama. Kwenye ncha yake pana ukingo mwembamba wa seli ambazo kazi yao ni kuziambia seli za chini yake ziendelee kukua, kwamba bado hazijafika. Ukiukwangua ukingo huo, mguu huishia pale pale ulipofikia.

"Nani anaziamrisha?" mwanafunzi mmoja aliniuliza.

Nikamwambia hakuna mwamrishaji. Kila seli hutoa kemikali yake, jirani akaipokea, akabadilika, naye akatoa yake. Ni mtaa mzima unaopashana habari, na habari ikikatika kona moja, nyumba ya kona ya pili haijengwi. Walicheka, nami nikafurahi kwamba wameelewa.

Kidonda nacho hupona kwa mtindo huo huo. Ngozi ikikatika, seli za ukingoni hupata habari kwamba pana pengo, zikaachia pale zilipojishika, zikatambaa kuelekea katikati. Mwanzo huwa utando laini wa rangi ya waridi, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Kuna siku niliuona utando huo kwenye mguu wa Baba, pembeni kidogo, na nikawa na furaha darasani mpaka kengele ya mwisho. Kesho yake haupo. Nikadhani anakula halua kwa siri. Nilimkaripia, mimi mwanawe, tena mbele ya kaka yangu. Baba alinyamaza, kwa sababu halua kweli alikuwa akiila.

Asubuhi moja pini za kufungia bendeji zikaniishia, nikapiga fundo baya baya nikakimbilia kazini. Jioni nilipokaa na beseni, fundo halikuwapo. Ncha ya bendeji ilikuwa imeshikizwa kwa uzi mweupe, kwa mishono midogo iliyolingana, ile ile aliyoitia kwenye kola za kanzu za maharusi. Hakuweza kujizuia. Ule mkono haukujua kufanya kazi mbaya hata pale ulipotaka kujificha.

"Baba, nani ameifungua?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Wajua nasali mara ngapi."

Basi sifa zote nilizojipa zilikuwa zake. Kila sala alikwenda msikitini, akaketi ukingoni mwa birika la kutawadhia, akaikunjua bendeji, akateka maji kwa kata, akausugua wayo kwenye lile jiwe gumu walilosugulia miguu babu zetu. Kisha akajifuta kwa kikoi, akafunga upya kwa ustadi wake, akaingia kwenye safu. Wanaume wote walimwona. Mimi ni mwanamke, pale birikani sikanyagi, na nyumbani sikuona ila bendeji nzuri. Mara tano kwa siku alikuwa akiukwangua ukingo.

"Kupangusa juu ya bendeji kunatosha," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Hiyo ni ruhusa ya mwenye maumivu, mwanangu. Mimi sioni uchungu wowote. N'taichukuaje ruhusa isiyokuwa yangu?"

Nilikasirika naye, na jiwe, na wale wazee waliokaa naye birikani wasiseme neno. Nilimwambia kutosikia uchungu ndio ugonjwa wenyewe, kwamba mguu wake unalia na kilio hakimfikii. Baba hakuwa mbishi. Tangu siku hiyo akawa anapangusa tu juu ya bendeji, nami nikawa naikuta imelegea na imejaa vumbi, jinsi inavyostahili kuwa bendeji iliyofungwa na mwalimu.

Tulikuwa tumechelewa. Kidole gumba kiligeuka rangi ya zambarau, kisha cheusi, na harufu ikaanza kunipokea kila nilipoingia chumbani kwake. Mayai yangu yalikuwa yamefika siku ya nane. Mwanzo vidole vya kifaranga huwa vimeshikana kama kafi ya mtumbwi, kisha seli zilizo kati yao hupata habari kwamba zife, nazo hufa kwa utaratibu, na vidole vikaachana. Miaka yote nililifundisha jambo hilo kwa raha. Safari hii nililisoma kutoka daftarini bila kuinua uso. Seli za Baba zilikuwa zikifa bila utaratibu wowote. Nilijua jina la kila kilichokuwa kikishindikana mle mguuni, na sikuweza kukizuia hata kimoja. Sijawahi kujiona bure kama wiki ile.

Daktari alisema mguu utakatwa chini ya goti, kesho kutwa. Baba aliuliza jambo moja tu, kama atapewa mguu wake. Kwetu kiungo kikikatwa huzikwa. Tukakubaliana kaka yangu ataupeleka makaburini. Mimi nitabaki hospitali, kwa kuwa wanawake hatuendi kuzika.

Alasiri ya kabla ya kwenda kulazwa, Baba alinituma nimletee jora la pamba nyeupe na utepe wa kupimia.

"Shika huku," akanambia.

Nikaushika utepe chini ya goti lake, naye akainama akauvuta mpaka kisiginoni. Akazungushia wayo. Akanitajia inchi, nikaziandika katika daftari la vipimo vya wateja, chini ya kipimo cha bwana harusi mmoja, maana ndilo lililokuwa karibu. Akaongeza inchi tatu za kukunjia.

"Hao vifaranga wako," akauliza, "mguu huanza siku ya ngapi?"

"Ya tatu, Baba, kuelekea ya nne."

"Na mtu mzima?"

"Kwa mtu mzima hauoti tena."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia, akakata kitambaa kwa mkasi wake mkubwa, mstari mmoja ulionyooka. Kisha, kwa mazoea, akatia uzi kwenye sindano, akakunja pindo, akapiga mshono wa kwanza. Hapo akasita.

"Sanda haishonwi," akasema.

Akaufumua ule mshono. Akanipa sindano na uzi wake, nikabaki nimeishika, nisijue niiweke wapi.