Mama Mita na Baiskeli ya Kulala

Mama Mita alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka mji mzima kwa baiskeli, akiinama kwenye visanduku vya chuma, akifuta vumbi kwenye kioo kwa kidole gumba na kuandika namba. Mwaka alioingia hamsini, mgongo ukamgomea. Daktari alimwonyesha kwenye picha pingili mbili zilizokaribiana mno, akamwambia kuinamia usukani sasa basi. Kazini wakampa meza ya kupigia mihuri. Alivumilia wiki tatu, na kila jioni alirudi amenuna hivi kwamba mumewe akawa anapitia mlango wa uani.

Mahali pekee ambapo mgongo ulimwacha apumue ni kwenye kiti cha kuegemea pale sebuleni. Jioni moja aliegemea, akanyoosha miguu mbele, akaanza kupiga pedali hewani. Mumewe akadhani maumivu yamempanda kichwani. Kesho yake Mama Mita alikwenda karakana kwa shemeji yake, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha.

"Shemeji, nataka baiskeli ya kuendesha nikiwa nimeegemea," alimwambia.

Shemeji alikuna kichwa, kisha akauliza breki azifunge wapi. Hakuuliza kwa nini. Kwa hilo, Mama Mita husema, atamheshimu mpaka aingie kaburini.

Ya kwanza ilipinda. Ya pili ilikataa kona. Ya tatu ndiyo ikawa baiskeli: bomba refu, gurudumu dogo mbele na kubwa nyuma, kiti cha plastiki kilichokatwa miguu na kuvishwa sponji, pedali zilizotangulia mbele ya kila kitu, na cheni tatu zilizoungwa kuwa moja. Kwa kuwa ilikuwa chini sana, walisimika nyuma fimbo yenye bendera nyekundu, madereva wamwone. Alianguka mara kumi na moja kabla ya kujua kuondoka. Mtaani wakasema kitanda kimetoroka hospitali, naye akacheka nao, akaiacha meza ya mihuri na kurudi kwenye mita zake. Mgongo ulinyamaza kimya.

Miaka miwili baadaye alisikia kuhusu mashindano ya kilomita mia mbili, kutoka alfajiri hadi jua kuzama. Katibu wa mashindano, mtu wa karatasi zilizonyooka, aliitazama baiskeli, akaitazama kanuni, akasema baiskeli ya namna ile haimo.

"Utakwenda, mama, ila hutahesabiwa."

"Nikifika, nitakuwa nimefika?"

Katibu akakubali kwamba ndiyo.

"Basi inatosha."

Kilomita sitini za kwanza kulikuwa na mlima. Kwenye mlima baiskeli ya kulala haina ujanja, maana huwezi kusimama juu ya pedali. Wote wakampita, akabaki na kikohozi cha gari la wagonjwa nyuma yake. Dereva alipunguza mwendo, akamuuliza kwa upole kama ampandishe. Mama Mita alisema hapana, asante, akaongeza kwamba yeye tayari amelala.

Baada ya mlima ikaja tambarare, na tambarare ikaja na upepo wa kupiga usoni. Wenzake walijikunja, shingo zikakaza, vidole vikafa ganzi. Yeye upepo ulimpita juu. Akaanza kuwapita mmoja mmoja. Mzimamoto mmoja mwenye mapaja kama magogo alijibanza nyuma yake ajikinge, akakuta hakuna pa kujikinga, mtu mwenyewe yuko usawa wa magoti yake. Akabaki anatazama bendera nyekundu ikizidi kuwa ndogo mbele yake.

Kilomita ya mia na hamsini cheni ikakatika. Alikaa kando ya barabara, akatoa kiungo cha akiba mfukoni, na kwa vidole vilivyozoea mifuniko migumu ya mita akaiunga. Alipoteza robo saa na watu saba wakampita. Hakuwalaani. Alikunywa maji, akaegemea, akaenda.

Alifika jua likiwa bado juu ya paa, wa tisa kati ya watu sitini. Aliinuka kitini bila kushika mgongo. Katibu alisimama na karatasi yake, akasita, kisha akaandika muda wake pembeni kwa penseli. Mwaka uliofuata kanuni zilikuwa na kifungu kipya.

Leo anakaribia sitini na bado anasoma mita. Shemeji ametengeneza baiskeli saba za aina hiyo, na Jumamosi Mama Mita hufundisha watu kwenye uwanja wa shule: wasitazame miguu, watazame mbali. Mwanafunzi wa mwisho alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye magoti mabovu. Siku ya tatu aliondoka mwenyewe, moja kwa moja kama mstari wa rula, akauvuka uwanja wote akitabasamu. Kukata kona alikuwa hajafundishwa bado, kwa hiyo Mama Mita alilazimika kumkimbilia.