Nyayo za Wifi Yangu

Neno lenyewe la Kiingereza ni fupi, sneak, na lilinikalisha barazani kwetu Frere Town asubuhi nzima. Nilikuwa nikifasiri kitabu cha hadithi za watoto, na humo mtoto mmoja anaingia jikoni kwa mwendo huo ili achote sukari. Ananyata? Ananyapa? Ananyemelea? Kamusi ilisema ni kwenda kimyakimya usionekane, na mara nyingi mwenye kwenda hivyo ana lake jambo. Mimi nikitatizwa na neno hata chakula hakinipiti.

Nikamwendea mama, maana Kiswahili changu chote nimekitoa kwake. Alikuwa ameketi kitandani na tasbihi mkononi. Akanieleza kwamba anayenyata huenda hataki tu kukuamsha, lakini anayekunyemelea anakutaka wewe. Kisha akashusha sauti.

"Kama mke wa nduguyo. Yuwaninyemelea, wallahi. Hushtukia tu yupo."

Hayo nilishayasikia. Tangu wifi yangu aolewe na kuletwa kwetu kutoka Likoni, mama alikuwa akimlalamikia kaka kwamba mkewe ni mpelelezi, anatega masikio milangoni. Kaka, ambaye hurudi kutoka kazini Changamwe akiwa hoi, alichoka kubishana. Alisema Ijumaa atampeleka mkewe kwao akapumzike kidogo. Sote tulijua mapumziko ya namna hiyo huishia wapi. Iliniuma, kwa sababu nampenda wifi yangu.

Lakini pia nilitaka kuuona huo mwendo. Nikahamishia karatasi zangu chumbani kwa mama, nikajitia kufanya kazi.

Alasiri wifi akaja na kikombe cha chai. Ndara alikuwa amezivua ukumbini, anakanyaga kwa ncha za vidole, pumzi ameibana. Akafika mpaka mbele ya mama, ambaye uso wake ulikuwa umemwelekea na macho yake wazi. Mama hakutikisika. Wifi alipomwamkia kwa sauti ndogo, mama aliruka, mkono ukapiga kikombe, chai ikamwagika.

Nilimfuata wifi jikoni nikamwuliza kwa nini anatembea hivyo. Akaniambia, huku anafuta machozi, kwamba ndivyo alivyofunzwa na somo wake, kungwi wake, kabla ya harusi: nyumbani kwa wakwe, nyayo za mke zisisikike. Alidhani anamheshimu mama.

Mafunzo hayo nilipewa na mimi, na mama naye alipewa. Mwendo huo anaujua tangu usichana wake. Iweje leo auite kunyemelea?

Nikarudi chumbani. Mama alikuwa amepiga magoti anapangusa sakafu kwa kitambaa. Alipangusa pakavu, akarudia pale pale pakavu, na chai ilikuwa upande wa pili, inaingia chini ya kitanda.

Tulijua ana mtoto wa jicho, na kila tukimwuliza alisema anaona vizuri, alhamdulillahi.

"Tangu lini, mama?"

Aliacha kupangusa.

"Nyinyi nawajua kwa ndara zenu," akasema. "Nduguyo huzikokota. Wewe una haraka. Yule mtoto simsikii. Naogopa."

Nilimweleza wifi yote. Akaenda msalani akachukua mitalawanda, vile viatu vya mbao tunavyoogea, akavivaa, akamimina chai nyingine. Akaja nayo ukumbini, ko, ko, ko, kinyume cha kila alichofunzwa, uso ameuinamisha kwa haya kana kwamba anapita uchi. Kaka alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Akauliza ni nani huyo anayepiga kelele namna hiyo nyumbani kwa watu.

Chumbani, mama aliinua uso kabla wifi hajafika mlangoni.

"Mwache," akasema. "Huyo ni mwanangu anakuja."