Simu Ilinyamaza, Saa Ikaita

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelala vizuri, nakujibu: nililala. Kabla hujaniuliza kama nilikuwa na homa, sikuwa nayo. Haya yalinipata mchana kweupe, kando ya barabara yenye mabasi na maduka, watu wakipita na mifuko yao. Mchungaji wetu anasema ulikuwa uchovu. Kaka yangu anasema ilikuwa huzuni. Wote nawaheshimu, lakini hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Kwanza nikueleze habari ya saa. Ninafanya kazi ghalani huku Okolona, Louisville, hapa Marekani, na mikono yangu ina makasha tangu naingia mpaka natoka. Nikajinunulia saa ya mkononi, zile zinazoungana na simu, ili nisiwe natoa simu mfukoni kila dakika. Ni saa nzuri. Ila ilikuwa na tabia moja: kila kitu kilichoingia kiliita mara mbili. Simu inalia mfukoni, na kabla hujavuta pumzi, saa nayo inalia na kutetemeka mkononi. Ujumbe wa shule, mara mbili. Kundi letu la maombi, ambalo lina watu wa Louisville, Columbus na Buffalo na hakuna hata mmoja anayejua kunyamaza, mara mbili. Kwenye mazoezi ya kwaya walikuwa wananigeukia kama nimekanyaga mtu.

Aliyechoka kwanza ni Papa Benja, Mkongo wa Bukavu tunayefanya naye zamu moja. Tulikuwa tumekaa mapumzikoni, chakula kiko mezani, ukaingia ujumbe.

"Bon, mama, leta iyo telefone," akasema. "Kila message inalia mara mbili. Uko na masikio ine?"

Akaichukua, akabonyeza huku na huku, akanirudishia. "Donc, saa ikiwa ku mukono, telefone inanyamaza. Message moya, mulio moya. Sasa na siye tutakula muzuri."

Nikamshukuru. Hata soda nilimnunulia.

Sasa sikiliza kosa lilipokuwa. Mimi ni Mrundi, lakini nimekulia kambini Tanzania. Kule nyumba zilikuwa za udongo, mlango ni pazia, na giza likiingia limeingia. Mama alitufundisha mapema: ukisikia unaitwa jina lako na humwoni anayekuita, usiitike. Ngoja. Mtu aliye hai akikosa jibu ataita tena, tena kwa hasira. Yule mwingine hawezi. Ana pumzi ya mwito mmoja tu, na ukimwitika umemfungulia njia. Watoto wote wa kambini tulilijua hilo kama tulivyojua foleni ya maji. Basi mimi miaka yote hiyo nimeishi nalo, nimevuka nalo bahari, na sikuwahi kufikiri kwamba linaihusu simu. Wewe ungefikiri?

Nilikuwa na dada, Odette. Ndiye aliyenitangulia kuzaliwa na ndiye aliyenilea, maana mama alikuwa mtu wa kwenda kulima mashamba ya watu. Tulipoletwa Marekani yeye alipangiwa Columbus, mimi Louisville, mama na kaka Buffalo. Odette alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, akaugua, na hakupona. Siku zake za mwisho alinishika mkono kitandani akasema, "Neema ni wako." Neema ni binti yake wa pekee, na baba yake alishakwenda zake zamani. Nilimchukua siku ya mazishi akiwa na mkoba wake wa shule mgongoni, nikarudi naye Louisville. Ananiita mama mdogo. Nampenda mtoto huyo mpaka naogopa.

Namba ya Odette hatukuitoa kwenye kundi la maombi. Nani angeitoa? Kila mtu alimwachia mwenzake, na namba ikabaki pale. Na mimi kwenye simu yangu nikamwacha vilevile, Dada Odette.

Basi, mwishoni mwa baridi, theluji imeshakuwa nyeusi pembeni mwa barabara, mama akaomba aletewe mjukuu wake amwone. Tukatoka Louisville asubuhi, mimi na Neema tu. Columbus iko katikati ya safari, na ukifika Northland, barabara ile ya Morse Road, kuna maduka yana vitu vyetu. Mama alikuwa ameagiza unga wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa kwetu. Anasema ndagala wa Buffalo wana ladha ya friji.

Nilikuwa dukani, mkono mmoja umebeba unga, mwingine nachambua ndagala. Neema amenishika koti, anaangalia biskuti. Saa ikatetemeka. Nikatupa jicho: Dada Odette. Na hapa niamini, akili yangu ilichelewa. Maisha yangu yote jina hilo likiniita mimi naitika, sijiulizi. Kidole kikagusa kioo kabla kichwa hakijakumbuka kwamba tumemzika.

Akaniita jina langu. Sauti yake, ile yenye mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Na mimi nikaitika, "Karame."

Usiyejua, hivyo ndivyo tunavyoitika Warundi tukiitwa na mkubwa. Maana yake ni kumtakia maisha marefu. Nimemtakia marehemu maisha marefu, katikati ya duka, mikono inanuka dagaa.

"Niletee Neema," akasema. "Niko nje, kituoni."

Halafu kimya. Nikaweka unga chini, nikatoa simu mfukoni. Hakuna kitu. Haikuonyesha kwamba kuna mtu amepiga, wala namba, wala muda. Kama simu ingekuwa bado inalia kama zamani ningelijua hilo tangu mwanzo. Saa ingetetemeka, mfuko ungekaa kimya, na mimi ningenyamaza. Lakini simu yangu sasa ilikuwa imefundishwa kunyamaza kwa kila mtu, walio hai na wasio hai.

Nikageuka kumshika Neema. Alikuwa ameshaenda mlangoni, amebandika uso kwenye kioo.

"Mama mdogo," akasema polepole, na kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote ananijibu kwa Kiingereza. "Yule ni mama."

Alikuwa amesimama kituo cha basi, ng'ambo ya maegesho. Amevaa lile koti lake la kijani la kwendea kazini. Koti hilo nililikunja mimi mwenyewe baada ya mazishi nikalipeleka kanisani wapewe wageni. Watu wawili walikuwa wanangoja basi karibu naye na hakuna aliyemtazama. Gari langu lilikuwa katikati, kati ya mlango wa duka na yeye.

Ungefanya nini? Ungejificha nyuma ya magunia ya mchele mpaka duka lifungwe? Niliogopa, sikudanganyi. Lakini chini ya woga kulikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonitoa nje. Nilimshika Neema mkono kwa nguvu, nikalipia vitu vyangu, nikafungua mlango.

Nikasimama karibu na gari. Sikumfuata kituoni, na yeye hakusogea. Lakini tulisikiana kama tuko jikoni.

"Nimemkumbuka mtoto," akasema.

"Na yeye amekukumbuka," nikamwambia. "Analia usiku, na mimi nalia naye. Lakini simleti."

"Ni wangu."

"Ulikuwa nao wakati wa kusema hivyo, dada, ukasema kinyume. Ulinishika mkono ukaniambia ni wangu. Nimempeleka shule, nimemsuka nywele, nimekaa naye kliniki. Huwezi kunipa mtoto leo, kesho unamtaka. Mimi si mtu wa kuachiwa mzigo mpaka mwenyewe arudi kuuchukua."

Hivyo hivyo nilimwambia. Mkubwa wangu, aliyenibeba mgongoni. Sijawahi kumjibu vile alipokuwa hai na sikujua kama ninaweza.

Akainua macho akanipita, akamtazama mtoto nyuma yangu. Halafu akamwita.

"Neema."

Kwa upole kabisa. Nikasikia mtoto anavuta pumzi aitike. Nilikuwa nimemfundisha mimi, ukiitwa na mkubwa itika vizuri, usimjibu mtu mzima kwa kunung'unika. Nikamziba mdomo kwa kiganja, na harufu yangu yote ya ndagala. Akahangaika, akaniuma kidole. Sikumwachia.

"Mwite tena," nikamwambia dada yangu.

Akanitazama.

"Kama ni wewe kweli, kama ni mama yake, mwite mara ya pili. Ukimwita mara ya pili namwachia mkono, anakuja mwenyewe."

Akafungua mdomo. Nikaona shingo yake inajikaza, kama mtu anayevuta kitu kizito kisimani. Midomo ikachora jina la mtoto. Hakuna kilichotoka. Akajaribu, akajaribu, machozi yanamtoka, na basi likaja na kupakia wale watu wawili na kuondoka, na yeye bado anajaribu.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mchungaji. Nilitamani aweze. Nimesimama pale na ukaidi wangu wote, kiganja kwenye mdomo wa mtoto, na moyoni namwombea, dada, ita, ita tena, uwe hai. Kama angeweza ningetimiza neno langu.

Hakuweza.

Nikamwingiza Neema kwenye gari, nikamfunga mkanda. Mwenye duka, mama mmoja wa Goma, alikuwa ametoka mlangoni na mfuko wangu wa unga niliousahau. "Mama, uko nasema na nani?" akaniuliza. Nikamwambia nasema na dada yangu. Akatazama kituoni, akanipa mfuko, akarudi ndani haraka.

Wengi wakisimulia mambo haya husema mzimu ulitoweka. Huyu hakutoweka. Aliyeondoka ni mimi. Nilipotoka kwenye maegesho alikuwa bado amesimama pale na mdomo wazi, na niliendesha mpaka Buffalo sikuwasha redio.

Mama anakaa na kaka karibu na barabara ya Bailey. Tulipofika nikamweleza yote, kaka akaanza habari za uchovu wa barabara. Mama alimnyamazisha kwa mkono.

"Uliitika?" akaniuliza.

"Niliitika."

"Na mtoto?"

"Hakuitika."

Akafunika uso kwa kitenge. Alikuwa mama yake Odette pia. Halafu akainuka akampakulia mjukuu chakula.

Mimi niliyeitika sikutoka bure. Mkono ninaovalia saa una ganzi mpaka leo, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Daktari anasema ni makasha ya ghalani, na mimi namwitikia tu. Watu wananiuliza kwa nini sikuitupa ile saa. Niitupe kwa nini? Nimeinunua kwa jasho langu, na inanionyesha nani anakuja. Nilichofanya ni kuirudisha ilivyokuwa, na sasa kila kitu kinaita mara mbili, mfukoni na mkononi. Papa Benja amejitolea kuirekebisha tena. Nimemwambia akigusa simu yangu tutakosana. Kwenye kwaya wameninunia, msimamizi kazini amenionya, na mimi nimewaambia wote hivi: kelele hizo zitabaki.

Juzi mwalimu wa Neema alinipigia. Simu ikalia, saa ikalia, nikapokea. Anasema mtoto haitiki akiitwa, wanataka apimwe masikio. Nikamwambia masikio ya mtoto ni mazima, na hapimwi. Akimtaka, amwite tena.

Na wewe unayenisikiliza, kama una saa na simu, usimwachie mtu akuunganishie milio ikawa mmoja eti upate utulivu. Zipo siku mkono wangu unatetemeka peke yake, mara moja, na mfuko umekaa kimya. Sihitaji kutazama jina. Nakaza meno, namtafuta Neema kwa macho, nangoja mwito wa pili. Hauji. Nawe ukiitwa hivyo usiitike, hata kama ni sauti uliyoililia. Hasa hiyo.