Kwangu Unafunguka

Dada yangu ana wasiwasi wa kuzaliwa nao, na kama hiyo haitoshi, akajiongezea seva tano. Ziko stoo, pale tulipokuwa tukiweka magunia ya mkaa, zimepangwa kwenye rafu ya chuma na feni mbili zinazipepea mchana kutwa utadhani wageni wa heshima. Nyumba za watu zina sheria za adabu. Yetu ina sheria ya pasi. Huruhusiwi kuchomeka pasi kabla ya kumwambia Dada, kwa sababu pasi ikivuta umeme betri zinazolinda seva zinalia, na betri zikilia naye anakaribia kulia.

Alikuwa fundi wa mitambo ya simu mpaka kampuni ilipopunguza watu. Wenye akili wakamshauri afungue duka. Yeye akakodi anwani za mtandao, akaanza kuwatunzia watu kurasa zao kwenye hizo seva kwa malipo. Anwani hizo ni namba tu, lakini mtu yeyote duniani akiiita mojawapo anafikishwa stoo kwetu. Unapewa nane kwa mpigo, tatu hazitumiki kwa kazi yako, zinabaki tano. Kila seva na anwani yake: ya wafuga nyuki, ya shule ya ushonaji, ya ligi ya mtaa, moja ya akiba, na ya kliniki ya figo. Hii ya kliniki ndiyo iliyomkosesha raha.

Kliniki ina mashine nne za kusafisha damu na wagonjwa tele. Mashine moja ikigoma, zamu zote zinapanguliwa. Kwa hiyo kila jioni muuguzi mkuu anamtumia Dada ratiba mpya aiweke kwenye ukurasa, na mgonjwa akiandika namba ya kadi yake anaona siku na saa yake. Akikosa zamu moja anavimba. Akikosa ya pili, tusiseme. Dada alilijua hilo vizuri mno, ndiyo maana alikuwa akiufungua ukurasa ule mara ishirini kwa siku, jikoni, kitandani, hata msalani.

"Utaufungua mpaka uchakae," nilikuwa nikimtania.

"Cheka tu," alikuwa akijibu. "Siku ukurasa ukizimika hutacheka."

Jumapili seva ya kliniki ilianza kuchemka, akaihamishia kazi yake kwenye ile ya akiba, yenye anwani yake nyingine. Alipomaliza akaufungua ukurasa, ukafunguka. Akaufungua tena na tena, ndipo akakubali kula.

Jumatatu muuguzi mkuu alipiga simu. "Dada, samahani, wagonjwa wanalalamika ukurasa haufunguki."

"Kwangu unafunguka," Dada akasema, huku akiuangalia. "Labda simu zao."

Muuguzi akaamini, nani atabishana na fundi? Wagonjwa wenye nguvu wakaenda wenyewe kliniki kuuliza zamu zao, na lawama zikaishia kwenye simu zao mbovu.

Mimi ni msusi. Jumanne, saa saba hivi, mwenzangu wa kiti cha pili alikuwa akisuka huku machozi yanamtoka. Mumewe ni fundi viatu, mgonjwa wa figo mwaka wa pili sasa, kwenye kliniki ile ile.

"Tangu juzi akitaka kuandika namba ya kadi, ukurasa haumfungukii," akaniambia. "Anasema wamemfuta. Wiki iliyopita alichelewa, akaambiwa akichelewa tena nafasi yake atapewa mwingine. Asubuhi hii kliniki wamepiga, kaona namba yao, kaogopa kupokea. Mume wangu amekata tamaa."

"Hawezi kufutwa hivi hivi," nikamwambia, nikatoa simu yangu niufungue ukurasa. Haukufunguka. Nikajaribu tena, haukufunguka. Nikampigia Dada.

"Kwangu unafunguka," akasema, na sauti yake tayari imepanda.

"Dada, hapa saluni haufunguki!"

"Nakuambia ninauona! Uko mbele yangu hapa!"

"Basi toka nje, zima intaneti ya nyumbani, ufungue kwa data kama watu wengine!"

Nilimsikia akifungua geti. Halafu akasema, "Mungu wangu."

Kumbe alikuwa amesahau kukiambia kile kisanduku kinachopokea mtandao kutoka nje kwamba kliniki sasa iko kwenye anwani nyingine. Wa nje wote walikuwa wakigonga kwenye ukuta. Lakini simu na kompyuta za ndani zinajuana zenyewe, hazipiti nje, kama watu wa nyumba wanaotumia mlango wa jikoni wasijue geti limefungwa. Siku mbili nzima Dada alikuwa akikagua geti akiwa amekaa jikoni.

"Nipe namba ya kadi yake," akasema. Mwenzangu akaitaja tarakimu moja moja. Tukasubiri.

"Zamu yake ni leo," Dada akasema polepole. "Ilikuwa saa nne asubuhi."

Alirekebisha kosa kwa dakika tatu, akampigia muuguzi mkuu, akakiri bila kuzunguka. Muuguzi akasema mashine moja itakuwa wazi saa tisa, mgonjwa aletwe mbio. Dada, ambaye hata sokoni haendi bila kuacha mtu wa kulinda zile seva, akafunga mlango akaja na teksi kutuchukua.

Fundi viatu tulimkuta ameketi kitandani, nyayo zimejaa, macho membamba kwa uvimbe. Ukutani viatu vya wateja vimepangwa safu ndefu, vyote vimeshonwa na kupigwa rangi, kila jozi na kikaratasi cha jina la mwenyewe.

"Ndugu yangu, hukufutwa," Dada akasema, akiwa bado mlangoni. "Ukurasa ni wangu. Kosa ni langu mimi."

Fundi viatu akainua kichwa. "Sikufutwa?"

"Wanakusubiri sasa hivi."

Akaanza kutafuta shati lake, na mkewe akamsaidia kufunga vifungo. Viatu vyake mwenyewe havikumwingia, tukamwingiza kwenye teksi pekupeku.

Saa tisa na robo mashine ilikuwa inazunguka na damu yake ikipita kwenye mipira. Muuguzi alipima presha, akatuambia tumewahi. Hapo ndipo Dada alipopata pumzi ya kuuliza.

"Kaka, miguu imevimba hivi, ile kazi yote umeifanya lini?"

"Jana na usiku kucha," akasema, akijaribu kutabasamu. "Sikutaka kuondoka duniani na viatu vya watu."

Mkewe akageukia dirishani. Dada akakaa chini pale pale sakafuni.