Siku Walipomtaka Dada Yangu Atambae

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, hakuwahi kuwa ombaomba. Polio ilimkamata miguu kabla hajajua kutembea, lakini mikono yake ilikomaa kwa kazi. Kwa miaka mingi alivuka mpaka kwenda Gisenyi na kurudi na kinga yake kubwa ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, imesheheni unga na vitunguu. Yeye alizungusha mbele, mimi mdogo wake nikisukuma nyuma kwenye mwinuko. Jasho hilo ndilo lililotulisha hapa Mabanga.

Basi watu wa shirika moja la msaada walipokuja kuwauliza walemavu wa kartie yetu, yaani mtaa wetu, wanahitaji nini, yaya hakuzunguka.

“Mutujengee njia ya muteremko pale ku ngazi ya ukumbi wa parokia,” alisema. “Mikutano yote inafanyikaka mule ndani. Siye tunabakiaka inje, tunasikiliza ku dirisha sawa wezi.”

Wakatikisa vichwa, wakatabasamu, wakaenda. Waliporudi, walileta viti vya magurudumu. Vilikuwa vizuri, vinang'aa, na magurudumu ya mbele madogo kama ya kitanda cha hospitali. Mtu yeyote aliyewahi kujikwaa kwenye mawe ya volkano ya mji huu angejua viti vile havingefika mbali.

Kabla ya siku ya kugawa, kijana wa shirika alimpigia yaya simu.

“Mama, siku ile usikuye na kinga yako. Na usivae kitenge ya sikukuu. Wafadhili banapenda kuona hali yenyewe.”

Damu ilinichemka. Yaya alicheka tu, kisha akaenda kusukwa nywele. Siku ilipofika alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, akapanda kinga, tukaenda.

Viti vilikuwa vimepangwa ndani ya ukumbi, juu ya ngazi zile zile. Nilimteremsha yaya kutoka kwenye kinga, nikainama nimbebe mgongoni kama nifanyavyo nyumbani. Kijana yule akanishika bega.

“Ngoja kwanza. Umuache apande mwenyewe. Mupiga-foto ako tayari.”

Yaya, chini pale kwenye vumbi jeusi, alimtazama.

“Unataka nitambae?”

“Kidogo tu, mama. Wakiona vile, batasaidia na wengine.”

Nilisimama mbele ya kamera nikaiziba kwa kiganja. Niliyoyasema siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Na walioninyamazisha hawakuwa wageni. Walikuwa majirani zetu. “Nyamaza! Utatuharibia musaada!” Mwanamke tuliyeimba naye kwaya alinivuta nguo. Hilo liliniuma kuliko kamera.

Yaya hakupaza sauti. “Muliniuliza, nikawaambia,” alisema. “Kiti iko juu, mimi niko chini. Mushuke nayo, ao mubaki nayo.”

Mkubwa wa shirika alitokea mlangoni, akatazama saa, akasema programu imeshapangwa. Hakuna kiti kilichoshuka. Nilimrudisha yaya kwenye kinga, na tulipokuwa bado tunaigeuza, tulimwona muzee mmoja, jirani yetu, akitoka na kiti chake kipya. Wanaume wanne walimteremsha, wakapigwa picha, wakamwachia. Gurudumu la mbele likanasa kati ya mawe likavunjika kabla hajafika barabarani. Alirudishwa nyumbani kwa pikipiki, na kiti kikafungwa kamba nyuma yake.

Njia ya mteremko tuliijenga wenyewe. Siku za salongo, zile za kazi ya pamoja mtaani, walemavu wenzake yaya walibeba mawe kwenye kinga zao, mwashi wa jirani akayapanga na kumwaga simenti. Hata yule mwanamke wa kwaya alikuja na ndoo ya mchanga. Aliumwaga, akarudi kuchota mwingine. Mkutano uliofuata, yaya aliingia ndani akiwa ameketi juu ya kinga yake, akasema juu ya maji ya bomba mpaka mwenyekiti akamwomba apumzike.

Miezi ikapita. Asubuhi moja tukakuta kibao kimepigiliwa ukutani, chenye rangi nzuri na alama ya shirika lile: njia hii ni zawadi yao kwa walemavu. Nilikimbia kuazima nyundo.

“Rudisha ile nyundo kwa mwenyewe,” yaya aliniambia. “Mimi nilikuwa nataka kuingia. Naingia.”

Kwake limekwisha. Kwangu halijaisha, na sioni aibu kulisema. Juzi kijana yule yule alikuja nyumbani, adabu tele, akaniomba niwaeleze wageni wa shirika jinsi msaada wao ulivyobadilisha maisha yetu. Sikumpa hata kiti. Nilimwambia awatafute waliobeba mawe, awaulize wao.